Seva Wakala Salama katika Michezo ya Wachezaji Wengi

Katika HTTP ya kawaida, kivinjari huuliza na seva hujibu. Utaratibu huu unatosha kusoma ukurasa, lakini haufai kwa drafti ya watu wawili mtandaoni: mwenzako akisogeza kete, kivinjari chako kipate habari papo hapo bila kuuliza. Kwa ajili hiyo hutumika websoketi, protokali iliyosanifishwa mwaka 2011. Kivinjari huomba kubadili protokali. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, na njia hubaki wazi kwa pande zote mbili.

Seva wakala hukaa kati ya wachezaji na seva ya mchezo. Kazi zake ni:

(a) Kupokea miunganisho iliyosimbwa kwa TLS, kwa kawaida kupitia mlango namba 443. Anwani huanza na wss badala ya ws.

(b) Kuificha seva ya mchezo, isifikiwe moja kwa moja kutoka nje.

(c) Kupitisha ombi la kubadili protokali. Katika Nginx, vichwa vya Upgrade na Connection havipiti vyenyewe; msimamizi huviandika kwenye mipangilio.

Zingatia: Wanafunzi wengi huandika kuwa "wss ni salama" wakaishia hapo. Jibu hilo halijakamilika. TLS hulinda ujumbe ukiwa njiani. Haithibitishi kuwa mchezaji ameruhusiwa kuutuma. Tovuti ya hila iliyofunguliwa na mchezaji inaweza kuanzisha websoketi kwa jina lake, kwa kutumia kuki zilizomo kwenye kivinjari. Hivyo ni lazima kukagua kichwa cha Origin na kukataa tovuti zisizojulikana. Vilevile, seva wakala isimruhusu mteja kuchagua anwani ya kupelekwa. Ikiruhusu, mtu wa nje ataitumia kufikia kompyuta za ndani.

Swali: Mchezo wa drafti unaopitia Nginx hukatika kila mchezaji anapofikiri kwa zaidi ya dakika moja. Eleza chanzo na tiba.

Jibu: Nginx isipobadilishwa mipangilio hufunga muunganisho ikiwa seva ya mchezo haijatuma chochote kwa sekunde 60. Tiba ni kuongeza muda huo, au seva ya mchezo itume ujumbe mfupi wa ping kabla sekunde hizo hazijaisha.