Kambambili Mkononi: Raketi ya Mtoto Mdogo Inafundisha Nini?

Mtoto wa miaka 5 hapa Luvungi anakimbia bila shida. Lakini mtupie mpira: mara nyingi anafunga macho, mikono inafika ikiwa mpira umeisha kupita. Na huyohuyo, mwalimu wa materneli anaona kalamu inamsumbua. Wazazi wengine wanasema mtoto iko mjinga, wanamchapa. Hapana. Macho, mikono na miguu havijazoea kutumika pamoja, na hiyo inafundishwa.

Mchezo wa raketi unasaidia sababu mtoto anaangalia kitu kinachokuja, anasogeza miguu, njo anapiga. Shida ni kwamba mpira wa tenisi ya wakubwa unakimbia sana. Kwa hiyo mwaka 2007 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianza kusukuma mchezo uliopunguzwa: mpira mwekundu unaoenda polepole kwa 75%, uwanja wa mita 11 hivi, wavu wa sentimita 80, raketi fupi.

Siye tunaweza kuanza bila kutoa feza. Mtu mkubwa akunje masashe, ayafunge kwa kamba, mpira uwe mwepesi. Asiache masashe matupu kwa watoto, yanaweza kuwaziba pumzi.

Kwanza, tundika mpira kwenye tawi la mwembe, usawa wa kifua cha mtoto, apige kwa kiganja. Akizoea, avae kambambili mkononi: hiyo ndiyo raketi yake ya kwanza. Kisha mpe kipande cha karto ngumu chenye mshiko mfupi. Mwisho, funga kamba kati ya viti viwili, watoto wawili warudishiane mpira. Mtoto asiyeweza kusimama apigie kwenye kiti, mpira uliotundikwa unamrudilia mwenyewe. Anayetumia mkono wa kushoto, mwache nao.

Chagua fasi isiyo na mawe, ndani ya kiwanja, mbali na barabara ya taifa namba 5 yenye malori ya Uvira na Bukavu. Fanya jioni, jua likipungua, dakika 15 zinatosha.

Ng'ambo ya Ruzizi, Burundi imemtoa Sada Nahimana, aliyezaliwa 2001, ambaye tenisi ndiyo kazi yake. Lakini siye hatutafuti bingwa. Tunatafuta mtoto anayeshika kalamu vizuri, anayebeba bidoni bila kuanguka, na asiyechapwa kwa kitu ambacho hakuna aliyemfundisha.