Injini Inapokosa Nguvu Mlimani

Juma hili twajibu swali la ndugu mmoja wa Kinangop ambaye ana pikapu ya Peugeot 404 aliyoachiwa na baba yake. Hubeba kabichi mpaka Nairobi. Asema gari likiwa tupu huenda vizuri, lakini likipakiwa na kufika mlimani huanza kukohoa na kurukaruka, mpaka watu wanaotembea kwa miguu wanakaribia kulipita. Tayari amenunua plagi nne, koili, na kabureta iliyokwisha kutumika. Fedha hizo zilikuwa karo ya mtoto, na gari bado ni lile lile.

Ndugu, hatukucheki. Wengi wamepita njia hiyo, na gari lako si la kudharauliwa. Peugeot 404 ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari hapa Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Shida ni kwamba umenunua dawa kabla ya kujua ugonjwa. Hebu tuanze upya, wala usitoe hata shilingi moja kwanza.

Injini ya petroli yataka mambo matatu: cheche inayokuja kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, na silinda inayobana bila kuvuja. Basi uliza swali hili kabla ya mengine yote: je, silinda zote nne zimelegea, au ni moja tu isiyofanya kazi? Washa injini, iache izunguke polepole, kisha ng'oa waya wa plagi moja kwa koleo yenye mpini wa mpira. Usitumie mkono mtupu, kwa maana umeme ule ni volti maelfu mengi. Ncha ya waya uliong'olewa iguse chuma cha injini, ili koili isiumie. Injini ikishuka na kutetemeka, silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Ikibaki vile vile, kana kwamba hukugusa kitu, umempata mvivu. Rudisha waya, nenda kwa inayofuata.

Sasa badilishana plagi ya silinda hiyo na ya jirani yake, hizo tu, usiguse kingine. Uvivu ukihama pamoja na plagi, plagi ni mbovu hata kama ilinunuliwa jana. Usipohama, jaribu waya vivyo hivyo. Twasisitiza kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadili vitu vitatu pamoja aweza kuponya gari bila kujua aliloponya, na wewe utalipia vyote vitatu.

Kwenye 404 plagi zimezama ndani kabisa, kama zimo kisimani. Maji ya kuoshea injini huingia humo na kukaa, na oili nayo huvuja ikiwa mpira wa kuziba umechoka. Cheche basi hupita kando badala ya kuruka mahali pake. Tazama humo kwanza, na ukaushe.

Plagi yenyewe yasema mengi ukiitazama mdomoni. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu maana yake petroli imezidi au hewa imepungua. Weusi wenye mafuta mafuta ni oili inayopita kwenye ringi au valvu. Nyeupe kama chokaa ni joto kupita kiasi, na mara nyingi petroli ni haba.

Mbona basi gari tupu halikohoi? Mlimani, ukikanyaga mafuta sana, silinda hujaa mchanganyiko na kubana kwa nguvu zaidi. Katika hewa iliyobanwa hivyo cheche huruka kwa shida. Umeme dhaifu uliotosha kwenye tambarare hushindwa hapo. Kumbuka pia kazi yenyewe: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo, yaani 100 kila sekunde. Zote hutoka kwenye pointi zile mbili ndogo ndani ya distributa. Zikiwa zimeungua na kuota vipele, au mwanya wake si sawa (kwa 404 ni kama milimita 0.4), hakuna koili mpya itakayosaidia. Tazama na kifuniko cha distributa: ufa mwembamba kama unywele watosha kupotezea umeme njia. Usiku wa giza, fungua boneti injini ikiwaka, lakini uhakikishe kwanza hakuna petroli inayovuja. Ukiona vicheche vya buluu vikitambaa juu ya waya au kifuniko, kazi umeimaliza bila kununua kitu. Na kama waya zilipata kung'olewa zote pamoja, hakikisha zimerudi kwa mpango wake, 1-3-4-2.

Ikiwa silinda zote nne zafanya kazi, na nguvu hufifia polepole kama mtu anayelala badala ya kurukaruka, acha umeme, geukia petroli na hewa. Anza na mfuniko wa tenki. Tundu lake dogo la hewa likiziba kwa vumbi, pampu huvuta mpaka ishindwe. Gari likizimika, fungua mfuniko. Ukisikia hewa ikiingia kwa sauti ya "sssi" na gari likapona, dawa yake ni sindano ya kuzibulia tundu. Kisha tazama chujio la petroli, maji na kutu ndani ya bakuli la kabureta, na chujio la hewa. Barabara zetu za murram hulijaza chujio la hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Halafu kuna jambo ambalo si ugonjwa. Kwa kila mita 100 za kupanda, injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake, kwa sababu hewa ni nyepesi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Timboroa hupita 2,700. Kabureta iliyopangwa Mombasa ikiletwa huku juu itamwaga petroli nyingi mno na kuzipaka plagi masizi. Ndugu yetu alinunua kabureta iliyotumika. Je, aliuliza ilitoka wapi?

Cheche na petroli zikiwa njema na silinda moja bado ni mvivu, pima mbano kwa geji. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, shuku valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, mara nyingi ni gasketi ya hedi. Kuhusu valvu, tukumbuke kwamba petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu kufikia mwanzo wa 2006. Risasi hiyo ilikuwa ikilinda viti vya valvu katika baadhi ya injini za zamani. Viti vikilika, valvu hukosa nafasi ya kufunga vizuri, nguvu zikapungua. Fundi apime mwanya wa valvu kabla hajataja habari ya kufungua hedi.

Mpaka hapo, punguza mzigo, wala usijaribu kupita lori mlimani; injini ikikohoa katikati ya kulipita, wa kuumia ni wengi kuliko wewe. Na usiendeshe siku nyingi na silinda mfu. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka chini kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia, unuse. Kikinuka petroli, mwaga oili hiyo kabla ya safari nyingine.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya breki.