Kufufua Trekta la Mkono: Msamiati wa Fundi na Kazi ya Mfasiri

Miongoni mwa maandishi yanayomsumbua sana mfasiri ni kitabu cha maelekezo ya mashine kuukuu. Mashine mpya huja na wakala wake, na jambo lisiloeleweka katika kitabu huulizwa dukani. Mashine iliyolala miaka kadhaa chini ya mwembe haina wa kuisemea ila kijitabu chake, nacho aghalabu kimeandikwa kwa Kichina, au kwa Kiingereza kilichotoka katika Kichina. Katika makala haya tunalitazama trekta la mkono, tukilichukulia kama lilivyo mikononi mwa mkulima na fundi wa Wilaya ya Butiama, mkoani Mara, ili tuone ni maneno gani yafaa kuandikwa katika karatasi ya fundi anayetaka kulifufua.

Tuanze na jina. Chombo hiki kina magurudumu mawili na mikono miwili mirefu, na mwenye kukiendesha hutembea nyuma yake. Kiliwafikia wakulima wa wilaya nyingi kwa wingi baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009. Mitaani kinaitwa pawatila, na katika hati za Serikali kinaitwa trekta la mkono. Jina hili la pili lina kichekesho chake, kwa kuwa jembe la mkono ndilo lililokuwa likikimbiwa. Hata hivyo limeshika, na linaeleza zaidi kuliko "trekta dogo". Lipo pia trekta dogo la magurudumu manne ambalo dereva hukalia, nalo lafaa kuitwa trekta la bustani. Tunapendekeza "trekta la mkono" liandikwe katika hati, na "pawatila" likubaliwe katika mazungumzo na matangazo, pasipo kumsahihisha mtu.

Lawama iliyosikika baada ya kuletwa kwa matrekta haya ni kwamba yalibuniwa kwa majaruba ya mpunga, si kwa udongo mkavu na mgumu. Katika nchi kama ya Mara, ambako plau ya ng'ombe ina mizizi, trekta lililoshindwa shamba lilifungiwa tela likabeba maji na matofali, kisha likaachwa. Hapo ndipo linapozuka suala la kulirudisha kazini, na ndipo mfasiri anapokutana na kitenzi chake cha kwanza.

Siku hizi kila kitu "hukarabatiwa": barabara, zahanati, daraja na redio. Kitenzi hiki kimechoka kwa kubebeshwa mizigo yote. Kwa mashine tungependa kugawa kazi hivi. Kutengeneza ni kuondoa hitilafu moja, kama vile kubadili mkanda uliokatika. Kukarabati ni kushughulikia sehemu nyingi zilizochakaa katika chombo ambacho bado kinafanya kazi. Kufufua ni kukirudishia uhai chombo kilichokwisha kufa. Kurejesha hali ya asili ni kukifanya kiwe kama kilivyotoka kiwandani, pamoja na rangi yake. Kazi hii ya mwisho inahusu zaidi nyumba kama Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yaliyofunguliwa Butiama mwaka 1999. Mkulima hahitaji rangi ya kiwandani. Mfasiri akimwandikia "rejesha" mahali pa "fufua", anaweza kumtia gharama ya vitu ambavyo shamba halivihitaji.

Injini tunayoizungumzia ni ya dizeli, ya silinda moja iliyolala, yenye nguvu za farasi zipatazo 12, mfano wa S195 ya Kichina. Hupozwa kwa maji yanayochemka na kufuka juu ya tangi lake, na huwashwa kwa hendeli. Ikiwa haizunguki, mafundi wana maneno mawili ambayo mfasiri asiyachanganye. "Imenoki" maana yake metali za krankishafti zimeharibika kwa kukosa oili. Kazi hiyo yahitaji mashine ya kukereza, na pengine safari ya Musoma au Mwanza. "Imejamu" maana yake sehemu zimekamatana, na katika mashine iliyolala sababu huwa ni kutu kati ya ringi na silinda. Hii yahitaji subira zaidi kuliko fedha: dizeli au oili nyepesi humiminwa ndani ya silinda, huachwa siku kadhaa, kisha flaiwili hutikiswa mbele na nyuma kwa mkono, bila nyundo. Kuandika "imeharibika" kwa yote mawili ni kumfungulia fundi injini isiyohitaji kufunguliwa.

Tunafika sasa penye mtego mkubwa. Kati ya vali na mkono unaoisukuma lazima ibaki nafasi ndogo. Vitabu vya S195 hutaja milimita 0.35 kwa vali ya kuingiza hewa na 0.45 kwa vali ya kutoa moshi, injini ikiwa baridi. Neno la Kiingereza linalotumika hapo ndilo lile ambalo ofisini lina maana ya idhini ya kutoa mzigo bandarini. Mfasiri aliyezoea hati za forodha aweza kuandika "kibali cha vali", na fundi akaachwa akijiuliza kibali hicho chatoka kwa nani. "Uwazi" nao haufai, kwa sababu vali yenyewe hufunguka na kufungwa, na fundi ataelewa kwamba vali iachwe wazi. Neno ni "nafasi". Nafasi ikiwa ndogo mno, chuma kikipata moto hutanuka, vali haifungi sawasawa, mgandamizo hupotea na vali huungua. Ikiwa kubwa mno, vali hugonga na haifunguki kiasi kinachotakiwa. Kwa hiyo maneno "injini ikiwa baridi" yasiachwe hata kama sentensi yapendeza zaidi bila hayo, na nukta ya desimali ichungwe kama mboni ya jicho.

Mfano wa pili ni upepo. Dizeli ya zamani ikishamwagwa na tangi kuoshwa, bomba hubaki na hewa. Hewa hubonyezeka, kwa hiyo pampu husukuma lakini nozeli hairushi dizeli. Mafundi husema "toa upepo". Mwenye kushika usanifu atasema kwamba upepo ni hewa iendayo, na hewa iliyonaswa bombani haiendi popote. Hoja hiyo ni sahihi katika somo la jiografia. Lakini gurudumu nalo hujazwa upepo, na hakuna Mswahili aliyewahi kupotoshwa. Tumeona "safisha hewa" ikipendekezwa. Fundi akilisoma hilo atakwenda kuosha chujio la hewa, na injini haitawaka.

Lipo neno jingine ambalo kosa lake ni la hatari, nalo ni gavana. Hiki ni kifaa kinachoongeza dizeli injini inapolemewa na kuipunguza inapopumua, ili mwendo ubaki ule ule. Kikifungwa vibaya baada ya matengenezo, injini huweza kuongeza kasi bila kikomo hadi ivunjike. Nchini Kenya, tangu kanuni za matatu za mwaka 2004, "kidhibiti mwendo" kimezoeleka kwa kifaa cha basi. Neno ni zuri, lakini kazi yake huko ni kuzuia gari lisivuke kasi iliyowekwa, wala si kulisaidia linapopanda mlima. Kwa sababu hiyo tunaona heri kuacha "gavana", pamoja na maelezo mafupi linapotajwa mara ya kwanza. Jambo lisilokosekana ni sentensi inayofuata: kata dizeli, au inua mkono wa kupunguza mgandamizo.

Kuhusu majina ya sehemu nyingine hatuna mengi. Pistoni, ringi, gasketi, nozeli, beringi na klachi zimekwisha kupata uraia. Mwalimu Nyerere, ambaye Butiama ni kwao na alilima huko baada ya kustaafu urais mwaka 1985, aliwatafsiri mabepari wa Venisi bila kuubadili mji wao jina. Wala pistoni haihitaji kubatizwa upya. Nguvu za mfasiri ziende kwenye vitenzi, kwani ndivyo vinavyoshika spana.

Mathalan maelekezo ya kuwasha. Kitabu chaweza kutaja "mzunguko wa kinyume" na kupita. Fundi anahitaji kuambiwa hivi: "Inua mkono wa kupunguza mgandamizo kwa mkono wa kushoto. Shika hendeli kwa mkono wa kulia, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa maana hendeli huweza kurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Zungusha hadi flaiwili ichukue kasi, kisha achia mkono wa kushoto, lakini usiache kuzungusha."