Je, Wajua? Sanduku la plaiwudi hubeba darubini

Darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 30 inaweza kukalia sanduku la plaiwudi, bila gia wala mota, na isitikisike.

Aliyeeneza muundo huu ni John Dobson, mtawa wa Vedanta, falsafa ya Kihindu, mjini San Francisco, Marekani. Fedha hakuwa nazo. Vioo alivisugua kwa mkono, akianzia na vioo vizito vya madirisha ya meli. Bomba la darubini alilipata kwenye mirija ya kadibodi ya kumiminia nguzo za zege. Mwaka 1967 alifukuzwa utawani, na darubini zilichangia. Mwaka uliofuata alishiriki kuanzisha kundi la kuwaonyesha wapita njia mwezi na Zohali, bure, palepale barabarani.

Ujanja wenyewe uko chini ya sanduku: vipande vitatu vidogo vya tefloni, ile ya vikaango visivyogandisha, vikiteleza juu ya fomeka, lile bamba gumu la kufunikia meza. Nguvu ya kuanza kuisogeza darubini inakaribia kulingana na ya kuendelea kuisogeza. Kwa hiyo haikwami, wala hairuki ghafla. Unaisukuma kwa kidole. Ukiiachia, inabaki hapohapo. Beringi laini zingeponza: upepo kidogo tu, nyota imekupotea. Msuguano, ambao mafundi wengi huupiga vita kwa grisi, hapa ndio breki.

Dobson, aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98, hakuchukua hataza. Mwenye msumeno na aige.