Nyuzi za Kioo na Uimara wa Boti za Mwendo Kasi: Mfano wa Ziwa Victoria

Mialo ya Chato, eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo, imezoea mitumbwi ya mbao. Hata hivyo, boti za faibaglasi zimeanza kuwafikia wavuvi wa Kanda ya Ziwa, zikiwemo za mikopo ya serikali. Uimara wa boti hizo hautokani na unene pekee. Nyuzi za kioo huhimili mvutano, ilhali resini huzishikamanisha na kugawanya mzigo baina yake. Resini ikizidi, ganda huwa zito na huvunjika kwa urahisi. Ikipungua, hewa hubaki kati ya nyuzi na maji hupenya.

Aidha, ukakamavu wa bamba hufuata kipeo cha tatu cha unene: unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huwa mara nane. Ndiyo maana boti nyingi za kasi huwekewa kiini chepesi cha povu au mti wa balsa baina ya tabaka mbili nyembamba. Lakini mawimbi yanapopiga kitako mfululizo, kiini kilichogandishwa vibaya hubanduka bila ufa kuonekana nje. Mvuvi aliyezoea kukagua kalafati hana budi kujifunza kugonga ganda na kusikiliza: sauti butu huashiria tabaka zilizoachana, na boti hiyo haifai kuingia ziwani kabla ya kutengenezwa.