Gitaa la besi lenye ‘wasiwasi 20’

Ukiagiza vyombo vya muziki China kwa simu, unaweza kukutana na tangazo lililotafsiriwa na programu namna hii: “Samaki wa nyuzi 4, shingo ya mti, karanga ya mfupa, wasiwasi 20.”

Si uchawi. Kwa Kiingereza, neno linaloandikwa kwa besi ndilo la samaki fulani. Linalotaja karanga hutaja pia kipande kinachoshika nyuzi mwanzo wa shingo. Na vile vyuma vyembamba vya shingoni vina neno moja na kuwa na wasiwasi. Programu haijawahi kupiga gitaa, ikachagua vibaya.

Cheka, ila usilipe kwanza. Gitaa hilo huenda ni nakala ya Precision Bass, aliyoitoa Leo Fender mwaka 1951. Umbo peke yake si tatizo kubwa: mwaka 2009 Marekani ilikataa ombi la kampuni ya Fender la kusajili umbo la bodi hiyo kama alama yake ya biashara. Shida ni jina. Nakala yenye jina lake yenyewe ni bidhaa ya bei nafuu. Yenye jina la Fender bila idhini ni bandia. Kenya ina mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, Tanzania ina Tume ya Ushindani. Mzigo ukikamatwa, mtaji umekwenda.

Basi, kabla ya kutuma pesa, omba picha ya kichwa cha gitaa, mahali jina linapoandikwa. Picha haihitaji mkalimani.