Mavuno, Masazo na Mandhari: Kulisoma Shamba la Nafaka Chini ya Mlima Meru

Makala haya yanajadili namna shamba la nafaka linavyogeuzwa kuwa mandhari, na kile kinachofichwa na mageuzi hayo. Tuanze na mchoro wa Mfaransa Jean-François Millet wa mwaka 1857, uonyeshao waokota masazo, ambao umehifadhiwa katika Makumbusho ya Orsay, Paris. Mbele, wanawake watatu maskini wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji, wawili kati yao wakiwa wameinama kabisa. Nyuma, katika mwanga, kuna marundo makubwa ya nafaka na msimamizi aliyepanda farasi. Umbali huo ndio hoja ya mchoro: shibe iko mbali, uhitaji uko karibu.

Kiswahili kinatusaidia kuielewa hoja hiyo. Nomino masazo, iliyozoeleka kwa wasomaji wa kisa cha Ruthu katika Biblia, inatokana na kitenzi saza, yaani bakiza. Kwa hiyo neno lenyewe linadai watu wawili: anayesaza na anayeokota. Kinyume chake, neno mandhari linamdai mtazamaji tu.

Tofauti hii inaonekana bayana Arumeru. Msafiri aipitaye barabara ya Arusha kwenda Moshi baada ya mavuno huona mabua makavu na mlima nyuma yake. Kwake hayo ni mabaki. Mkulima huona kazi isiyokwisha: mahindi yapukuchuliwe na kupepetwa, na mabua yasombwe kupelekwa kwa ng'ombe wa kufungiwa kule mlimani, ambako migomba na kahawa vimemaliza nafasi ya malisho. Masazo ya mmoja ni mavuno ya pili ya mwingine.

Si suala la ujumi pekee. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi hiyo wapewe walowezi wafugaji. Mwaka 1952 Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Wapangaji waliona uwanda wa malisho. Wenyeji waliona makazi yao.

Kwa hiyo, mhakiki wa sanaa ya mandhari hana budi kuuliza swali ambalo Millet aliliweka mbele ya mchoro wake: ni nani aliyeinama, na nafaka ni ya nani?